Silaha zikifika mwezi wa tatu ndani ya theluji

Asanteni sana ndugu zangu kwa kuja, mwenyekiti asante kwa kunikaribisha, naomba niingie moja kwa moja maana hili jambo nalipenda na nikiachiwa naweza kuongea mpaka taa zizimwe.

Watu wengi wakiongelea vita vya kwenye theluji swali la kwanza huwa kifaru gani kina mzinga mkubwa, chuma chake kinene kiasi gani, kinakimbia spidi gani. Hayo yote yanapimika kiwandani na majibu yake yako kwenye karatasi. Ila baridi ya siku moja karibu kila mashine inaivumilia, utaipasha moto, utaiwekea oili nyepesi, itawaka, mtapiga picha mtaondoka. Shida inaanza wiki ya sita, mwezi wa tatu, pale fundi mwenyewe vidole vimekufa ganzi, hajalala vizuri toka juzi, spea hazijafika, na ile mashine inamtaka afungue bolti chungu nzima ndo afikie kitu kidogo cha ndani kilichoharibika. Hapo ndo unamjua nani aliichora mashine akimfikiria yule fundi na nani alimsahau. Hilo ndo ninalotaka tulitazame leo, mengine yote nitakayosema yanazunguka hapo.

Tuanze na baridi yenyewe inafanya nini. Ikifika -30, -40, kila kitu ndani ya mashine kinabadilika tabia kwa wakati mmoja. Oili ya injini inakuwa nzito mpaka stata inashindwa kuzungusha, na hapo hapo betri ambayo ndo ilitakiwa kuisukuma hio stata imeshapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, yani mzigo umeongezeka na mbebaji amedhoofika. Dizeli ya kawaida inaanza kutoa nta, nta inaziba filta, injini inazima na tenki limejaa. Sili za mpira zinakakamaa zinaacha kuziba. Majimaji yanayopokea teke la mzinga yanakuwa mazito kwa hio mtutu ukipiga unarudi mahali pake taratibu sana. Vyuma vya aina fulani vinapasuka pale ambapo kwenye joto vingepinda tu. Baruti nayo ikipoa inaungua polepole zaidi, kombora linatoka na kasi ndogo linaangukia kabla ya pale lilipolengwa, ndo maana wapiga mizinga wanapima joto la baruti kabla hawajapiga hesabu zao. Alafu hata likifika, kama limegonga theluji nene linazama kwanza ndo lilipuke, vipande vingi vinaishia humo humo.

Lakini kwa bunduki adui mkubwa ni unyevu, na hapa naomba tukae kidogo. Askari katoka lindo, nje ni -35, kaingia kwenye hema lenye jiko na bunduki yake kaiweka pembeni kama alivofundishwa, usiiache mbali na wewe. Dakika chache tu chuma chote kimelowa, mvuke wa pumzi za watu na wa sufuria jikoni umegeuka matone juu ya boliti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani ya mtutu, ndani ya magazini, mpaka kwenye tundu la pini. Anaitwa zamu, anatoka, yale matone yanaganda kabla hata hajafika kwenye handaki. Anavuta triga, pini inasogea kidogo inakwama kwenye barafu, risasi haitoki, na huyo hajafanya kosa lolote la uzembe, alikuwa anaitunza bunduki yake. Ndo maana majeshi ya kaskazini yanaiacha bunduki nje, imefunikwa, ibaki na baridi yake, au ikiingia ndani basi inakaa mpaka iache kutoa jasho, inafunguliwa, inafutwa yote, ndo inatoka tena. Oili nayo inafutwa, inabaki utando mwembamba sana au inaachwa kavu kabisa, maana oili ya kiangazi kwenye -40 inageuka gundi.

Wafini haya mambo waliyajua mapema kwa sababu wanaishi nayo. Vita ya Majira ya Baridi ilianza tarehe 30 Novemba 1939 ikaisha 13 Machi 1940, siku 105, Umoja wa Kisovieti una vifaru, ndege na mizinga mingi kuliko wao kwa mbali. Ila hata Wafini wenyewe sio kila walichotengeneza kilifaa, na hili watu hawalisemi. Walikuwa na bunduki rashasha nyepesi ya kwao, Lahti-Saloranta M/26, imetengenezwa kwa ustadi wa hali ya juu, vyuma vyake vimebanana vizuri, ni nzuri ukiishika. Kwenye theluji ikawa inakwama kwama, ina vipande vingi, kuisafisha na vidole vilivyoganda ni mateso. Matokeo yake askari wa Kifini wakiteka DP-27 ya Warusi, ile ya magazini ya duara kama sahani, wengi waliona bora wabaki na hio. Silaha ya adui! Kwa sababu ilikuwa na vipande vichache na nafasi ya kutosha kati ya chuma na chuma, barafu kidogo au uchafu kidogo hauizuii. Kwa upande mwingine Suomi KP/-31 yao, ile bunduki fupi ya risasi 9 mm, ilifanya kazi vizuri sana msituni hata ikiwa kavu.

Kuna kitu kimoja cha Wafini mi huwa nakitaja kila nikipata nafasi. Bunduki ya Maxim inapozwa kwa maji, ina koti la maji kuzunguka mtutu, sasa kwenye baridi kali maji utayapata wapi na ukiyapata yanaganda. Wafini kwenye toleo lao la M/32-33 wakaweka mfuniko mpana juu ya lile koti, unaufungua unashindilia theluji kwa mkono, joto la mtutu linaiyeyusha yenyewe. Basi. Warusi baada ya vita ile wakaiga wazo hilo hilo kwenye Maxim zao. Mfuniko tu ndugu zangu, lakini aliyeuchora alikuwa anamuona yule askari amepiga magoti gizani na hana maji.

Na hema. Watu hawahesabu hema kama silaha ila kule lilikuwa silaha. Hema la Kifini lenye jiko katikati, nusu ya kikosi kidogo wanalala miguu ikielekea jikoni, mtu mmoja anabaki macho kwa zamu analisha kuni na kuangalia hema lisiungue. Linabebwa kwenye kijisleji kinachovutwa na watu walio kwenye ski, kwa hio popote wanapofika msituni wanalala kwenye joto. Kwenye barabara ya Raate mwanzoni mwa Januari 1940, Divisheni ya 44 ya Warusi ilikuwa imenyooka kwenye barabara moja nyembamba, magari na vifaru haviwezi kutoka kuingia msituni kwa sababu ya theluji, Wafini wakawakata vipande vipande. Injini zililazimika kuwashwa kila baada ya masaa machache zisigande, kila kuwasha ni mafuta yanaisha na mafuta mengine hayaji. Majiko yao ya kupikia yalikuwa yanalengwa makusudi. Divisheni nzima ikavunjika pale, na vifaru vingi vilitekwa vikiwa vizima, havina tundu hata moja.

Sasa twende 1941, maana hapa ndo mjadala huwa mkali. Wajerumani walivuka mpaka kuingia Umoja wa Kisovieti tarehe 22 Juni 1941 wakiamini mambo yataisha kabla ya baridi, kwa hio hata michoro ya vifaa vyao ilikuwa ya barabara nzuri na safari fupi. Cheni za vifaru vyao, Panzer III na Panzer IV, zilikuwa na upana wa sentimita 40 hivi au chini yake, za T-34, kifaru cha Warusi, zilikuwa kati ya 50 na 55. Ukipiga hesabu ya uzito juu ya ardhi, T-34 inakandamiza kama kilo 0.7 kwa kila sentimita ya mraba, Panzer IV inakaribia 0.9. Unaona ni tofauti ndogo lakini ndo tofauti ya kupita na kuzama, kwenye theluji na baadae kwenye matope ya Machi na Aprili. Baadae Wajerumani wakaanza kufunga vipande vya kupanua cheni, yani kiraka juu ya mchoro uliokwisha toka kiwandani.

Injini nayo. T-34 ilikuwa na dizeli ya V-2 na zaidi ya stata ya umeme ilibeba mitungi ya hewa iliyoshindiliwa, betri ikifa kwa baridi unafungulia hewa inasukuma injini mpaka iwake. Njia ya pili ya kuwasha, imewekwa toka mwanzo, na mtu aliyeiweka alijua betri zitakufa. Upande wa pili Wajerumani walikuwa wanawasha moto chini ya injini, wanachanganya petroli kwenye oili iwe nyepesi, baadae wakaja na mabomba ya kuhamisha maji ya moto kutoka kifaru kilichowaka kwenda kwa kile kilichoganda, na hilo lilikuwa wazo zuri kabisa, nalipa heshima yake. Lakini lilikuja baada ya watu kuteseka msimu mzima.

Ila T-34 haikuwa malaika jamani, tusidanganyane. Giabox za mwanzo zilikuwa mbovu, dereva anahitaji nguvu za ajabu kubadilisha gia, ndani kuna baridi ya kutisha kwa sababu kifaru ni sanduku la chuma, na kamanda alikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja, kuongoza na kupiga mzinga. Kilichoibeba ni kwamba ikiharibika walio karibu waliweza kuitengeneza, au wakaing'oa spea zake wakawekea nyingine. Linganisha na Tiger ya Wajerumani iliyokuja baadae. Mashine ya tani 57, mzinga wake uliogopwa na kila mtu, cheni zake pana za sentimita 72. Lakini magurudumu yake yalipangwa kwa kupishana na kulaliana, safu juu ya safu, ili uzito ugawanyike vizuri na kifaru kitembee laini. Kwenye karatasi ni akili sana. Kwenye Urusi ya Januari matope na theluji vinajaa kati ya hayo magurudumu mchana, usiku vinaganda, asubuhi watu wanagonga barafu na nyundo na kuipasha moto ndo litembee. Na gurudumu la ndani likiharibika inabidi ung'oe ya nje kwanza, moja baada ya jingine, kila moja ni zito, na wewe umevaa glavu mbili au umezivua na ngozi inashika kwenye chuma. Mi nikifikiria hao vijana waliotumwa kufanya hio kazi, wawe wa upande wowote, roho inaniuma kabisa.

Kuna kitu kimoja kikubwa zaidi ya vifaru vyote, treni. Vichwa vya treni vya mvuke vya Kijerumani vilikuwa na mabomba mengi nje ya boila, kwao sawa, Urusi yakaganda yakapasuka, na msimu wa 1941 sehemu kubwa ya vichwa hivyo ikasimama. Nguo za baridi zilikuwepo nyingine zimekwama huko nyuma kwenye mabehewa. Mwaka 1942 wakatoa kichwa cha aina ya 52, kilichorahisishwa sana na kukingwa na baridi, lakini jeshi lilikuwa limeshapita msimu mmoja limevaa buti za kiangazi. Na buti zenyewe, zilikuwa na misumari chini, kila msumari unavuta joto kutoka kwenye unyayo kwenda kwenye barafu, zimebana, huwezi kuongeza soksi. Mrusi ana valenki, buti la manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa, halina mshono wa maana, halina msumari, linaonekana la kishamba kabisa. Likilowa ni balaa, hilo lazima niseme, theluji ikianza kuyeyuka linanyonya maji. Ila kwenye baridi kavu ya Januari kulikuwa hakuna cha kulifikia. Wajerumani waliogandishwa viungo msimu ule walizidi laki moja, na nishani waliyopewa kwa kupita msimu huo askari wenyewe waliiita nishani ya nyama iliyoganda.

Korea mwishoni mwa 1950, bwawa la Chosin, mambo yakajirudia kwa watu wengine, Wamarekani na Wachina. Usiku unashuka -30 na zaidi. Bunduki ya M1 Garand ikaendelea kufanya kazi, ina nguvu na vyuma vizito, lakini ile bunduki fupi nyepesi, M1 Carbine, ambayo kila mtu aliipenda kubeba ikawa inakwama, mfumo wake hauna nguvu ya kusukuma boliti iliyoganda. Sahani za kukalia mota, ile mizinga mifupi inayorusha mabomu juu, zilipasuka kwa sababu ardhi imekuwa jiwe, haipokei teke. Plazma ya damu iliganda kwenye chupa, watu wa huduma ya kwanza walikuwa wanaweka vijitubu vya sindano vya mofini, dawa ya maumivu, mdomoni viyeyuke kabla ya kumchoma majeruhi. Na tena buti! Wamarekani walikuwa na buti la mpira chini na ngozi juu, mguu ukitembea unatoa jasho, jasho halina pa kwenda, ukisimama linaganda ndani ya buti. Baadae wakatengeneza buti jeupe na jeusi lenye hewa iliyofungiwa kati ya matabaka mawili ya mpira, mguu ukilowa unabaki na joto lake hivo hivo. Kule ng'ambo ya pili Kundi la 9 la majeshi ya Wachina lilikuja kutoka mikoa ya joto na viatu vya turubai, na walioganda kwa hesabu yao wenyewe walikuwa karibu 30,000, wengi kuliko waliopigwa risasi. Wale watu walikuwa jasiri kupita kiasi, walikaa usiku mzima wamelala kwenye theluji bila moto. Ujasiri hauna la kufanya mbele ya kiatu cha turubai.

Baada ya hapo nchi za kaskazini zilitulia zikafikiria. Wafini kwenye bunduki yao ya RK 62 waliitengeneza kinga ya triga ili kidole chenye glavu nene kipite. Waswidi wakatoa Bv 206 mwaka 1980, gari la vyumba viwili vilivyoungwa katikati, bodi ya plastiki iliyoimarishwa, cheni za mpira, linakandamiza ardhi kidogo kuliko mguu wa mtu anayetembea, kwa hio linapita pale ambapo askari wa miguu anazama mpaka kiunoni. Halina chuma cha kuzuia kombora na halijidai. Warusi wakaingia na kifaru cha T-80 mwaka 1976, injini yake ni ya tabini kama ya ndege, kwenye -40 inawaka ndani ya dakika moja hivi wakati dizeli inahitaji kupashwa moto muda mrefu. Mi naikubali kwa hilo. Ila inakunywa mafuta vibaya mno, na vita ikiwa ndefu yale mafuta lazima yaletwe na malori, malori ndo yale yale yanayokwama. Kwa hio T-80 imetatua tatizo la asubuhi ikaongeza tatizo la mwezi, na watu wanaoisifia huwa wanaishia kwenye asubuhi tu.

Doria ya Sirius ya Denmark inayozunguka kaskazini mashariki mwa Greenland kwa sleji za mbwa, miezi mingi mbali na kila fundi, bunduki yao kwa miaka mingi ilikuwa ya boliti ya mkono, M1917, mchoro wa vita ya kwanza ya dunia. Walinzi wa Canada wa huko kaskazini walibaki na Lee-Enfield toka 1947, na zilipokuja kubadilishwa miaka ya hivi karibuni wakapewa tena ya boliti ya mkono, ikiwa na nafasi kubwa ya triga kwa ajili ya glavu. Nchi tajiri hizi, zingeweza kununua chochote. Mkono wa mtu unaivunja barafu iliyoshika boliti, gesi ya risasi moja haina uhakika huo.

Kuna pia Siachen, mto wa barafu kwenye milima mirefu ambako majeshi ya India na Pakistan yanakabiliana toka 1984, kambi nyingine ziko juu ya mita 5,000, huko msimu wa baridi hauishi. Walioondolewa na baridi, kimo na maporomoko ya theluji ni wengi kuliko waliouawa na risasi, mwaka 2012 poromoko moja pale Gayari lilifukia watu 140. Kule kifaa muhimu ni mafuta ya taa ya kupasha vibanda na helikopta ndogo nyepesi, Cheetah, inayoweza kutua kwenye hewa nyembamba. Kubwa kubwa zenye uwezo mwingi hazifiki.

Namalizia na droni kwa sababu najua mtaniuliza. Vita ya Ukraine imepita misimu ya baridi kadhaa sasa na droni ndogo zimekuwa macho ya kila kikosi, nyingi ni za kibiashara ambazo mtengenezaji mwenyewe ameandika mwisho wake ni -10. Betri za lithiamu zikipoa zinashuka ghafla, ulitarajia nusu saa unapata robo, na ukungu unaoganda unashika kwenye propela mpaka inapoteza nguvu ya kubeba. Opereta anatembea na betri ndani ya koti, karibu na mwili, anaichomeka dakika ya mwisho. Skrini ya kugusa haikubali glavu, kwa hio anavua glavu, na kila akivua ni vidole vyake vinalipia. Kwa upande mwingine majani yamedondoka, miti iko uchi, na kamera ya joto inamuona mtu kwenye theluji kirahisi sana, ile hema yenye jiko niliyowasifia Wafini leo ingeonekana kutoka mbali. Kwa hio kazi iliyobaki kwa wachoraji wa sasa ni ngumu kuliko ya 1939, wampe askari joto na wakati huo huo wasilioneshe, handaki la kina kirefu, jiko lisilotoa moshi, kifuniko cha kuficha joto, na betri ambayo haihitaji kulala kifuani mwa mtu. Kuna vitu viwili vitatu nimeona vinajaribiwa kuhusu betri zenye kipasha joto chake ndani, na hasara yake ni kwamba kipasha hicho kinakula umeme ule ule. Tuingie kwenye maswali, tuanze na ndugu yetu pale mbele amenyoosha mkono muda mrefu.